Mkate unatoka, samaki anachomoka, mshipi unakatika: kosa liko wapi?

Mpwa wangu alinipigia simu mwezi wa Januari, akiwa ukingoni mwa mto Kennet, pale mji wa Reading, Uingereza, meno yakigongana kwa baridi.

"Shikamoo mjomba. Mkate unatoka kila nikirusha."

"Marahaba. Umefunga ndoano namba ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na tonge lako likoje?"

"Kama kidole gumba hivi."

Hapo nilicheka, naye akanuna. Kijana amekulia Mwanza na sato ameanza kuvua kabla hajajua kusoma, kwa hiyo huwezi kumwambia hajui mshipi. Lakini kule alizoea mnyoo, na mnyoo ukiutunga unabaki mnyoo. Mkate ni kitu kingine. Unatoka mkononi ukiwa na umbo moja, ukifika majini unavimba, baada ya dakika chache unalegea, na baada ya robo saa huna kitu. Ndiyo maana matatizo mengi ya kuvua kwa mkate yanaonekana kama matatizo ya samaki, kumbe ni ya ndoano na mshipi.

Ninayoyaandika hapa yanahusu samaki wa maji baridi wa Uingereza ambao wenyeji huwavua kwa starehe: rochi, mwembamba mwenye mapezi mekundu, chabu, mwenye mdomo mpana na midomo minene, brimu, bapa kama sinia, na karpi, ambaye hata Ziwa Naivasha wanamjua. Wote ni jamaa wa mbali wa ningu na kuyu wa Ziwa Viktoria, na wote wanakula mkate.

Kosa la mwanzo ni kuchagua ndoano kwa kumfikiria samaki. Kwa mkate, anza na tonge. Ndoano ifuate ukubwa wa tonge likiwa limeshavimba, mshipi ufuate unene wa ndoano. Na kwa asiyezoea, namba za ndoano zinakwenda kinyume: 20 ni kidude cha kutafuta kwa miwani, 6 ni ndoano unayoweza kuishika. Namba za watengenezaji nazo hazilingani, 10 ya huyu ni 12 ya yule, kwa hiyo angalia zaidi ule uwazi kati ya ncha na mti wa ndoano, yaani ile sehemu yake iliyonyooka, kuliko kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mishipi huku inauzwa kwa ratili, yaani uzito unaoukata, na ratili moja ni kama kilo 0.45. Vipimo vyangu ni hivi. Kidonge kidogo cha mkate uliobanwa, cha upana wa milimita 4 hadi 6, kinataka ndoano namba 18 au 20 na kipande cha mwisho, yaani ule mshipi mfupi unaoshika ndoano, cha ratili 1.5 hadi 2. Kinyofu laini cha ukubwa wa sarafu ya peni 1, ambacho mimi hukiita pamba, kinakaa vizuri kwenye namba 12 au 14 kwa ratili 2.5 au 3. Pamba ya ukubwa wa kidole gumba, ile ya chabu, inataka namba 6 au 8 na ratili 5 au 6. Ganda la mkate linaloelea kwa ajili ya karpi ni namba 6 au 8 ya waya mnene, na ratili 10 hadi 12, wala usishuke hapo kwa sababu ya ujasiri.

Sasa tuje kwenye dalili.

Mkate unatoka kabla haujagusa maji

Kama ndoano inalingana na tonge na bado mkate unaruka peke yake, angalia mkate wenyewe. Unaotakiwa ni ule mweupe wa slesi, wa bei nafuu, wa siku hiyo hiyo. Ukiukunja slesi usivunjike, na ukiubinya kwa vidole ushikane kama unga uliokandwa. Mkate wa ngano nzima, ule wa kahawia wenye mbegu, ni mzuri kwa afya yako lakini kwenye ndoano ni hasara. Na ukiacha pakiti wazi juu ya nyasi, upepo wa nusu saa unatosha kuukausha. Mimi hutoa slesi mojamoja, nyingine zinabaki ndani ya mfuko uliofungwa.

Kisha angalia vidole vyako. Pamba hainyongwi yote. Chana kipande (usikate kwa kisu, kisu kinaua nyuzi), kikunje juu ya mti wa ndoano, halafu bana sana sehemu ya juu tu, karibu na jicho (tundu la kufungia mshipi), mpaka ishike kabisa. Sehemu ya chini, inayozunguka mpindo na ncha, iache iwe na manyoya. Hapo juu panakuwa pagumu kama ugali wa jana, huku chini pamba inapepea. Mpwa wangu alikuwa anafanya kinyume: anabana chini kuzunguka ncha ili "ishike", juu anaacha wazi. Mkate wote unaning'inia kwenye mpindo, ukirusha unateleza.

Urushaji nao una lawama yake. Usipige fimbo ya kuvulia kama mjeledi. Mkate unarushwa kwa mkono laini, wa kusukuma, na kama mahali pako ni mbali mno kwa mkono laini, basi mahali hapo si pa mkate.

Unafika vizuri, ila hujui kama bado upo

Hii haina dalili ya kuonekana, ndiyo hatari yake. Mtu anakaa nusu saa akiangalia chelezo kinachoelea juu, kumbe chini kuna ndoano tupu. Dawa ni kipimo cha miguuni: kabla ya kurusha mara ya kwanza, teremsha ndoano yenye mkate kwenye maji ya mbele ya viatu vyako, mahali unapouona, uangalie saa. Utaona mkate unavimba, kisha unaanza kutoa vipande. Dakika ulizohesabu, punguza kidogo, ndizo muda wako wa kuacha kila mrusho siku hiyo. Kwenye maji yanayokwenda kasi muda unapungua tena.

Kwenye kipimo hicho hicho angalia jambo lingine: tonge likishavimba, ncha ya ndoano iko wapi? Kama imezama ndani kabisa, panda ndoano kubwa zaidi, kwa mfano kutoka 10 kwenda 8. Kama mti wote wa ndoano uko nje kama mfupa, shuka.

Chelezo kinazama, ukivuta hakuna kitu

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kulaumu macho yao. Sababu ziko kadhaa na zinatofautishwa kwa jinsi chelezo kinavyocheza.

Kikitetemeka haraka haraka bila kuzama, hao ni wadogo wanadonoa kingo za mkate. Hakuna ndoano itakayowaponya kwa tonge kubwa. Ama uongeze tonge ili wakubwa wapate nafasi, ama ukubali hali na kuwavua hao hao kwa vidonge. Vidonge hivyo hukatwa kwa panchi ndogo yenye ncha ya mviringo, inayouzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi. Slesi nyeupe isiyo na ganda huingizwa kwenye maikrowevu kwa sekunde chache mpaka itoe mvuke, kisha inalazwa na kusukumwa kwa kifimbo cha chapati mpaka iwe nyembamba kama karatasi nene. Bonyeza panchi, ingiza ncha ya ndoano kwenye tundu la pembeni, toa: kidonge kimeshakaa kwenye ndoano. Kikiingia majini kinarudi kuvimba. Kwa rochi wa mfereji wakati wa baridi sijaona kinachokishinda.

Kikizama taratibu, moja kwa moja, kwa kujiamini, na bado unavuta hewa, basi samaki ameuchukua mkate na kosa liko kwenye ndoano. Mara nyingi tonge limebanwa mno. Mkate uliofinyangwa kama goroli hauachii ncha. Samaki anaufunga mdomoni, unavuta, goroli lote linatoka limeizunguka ndoano kama soksi. Unapaswa kuona pamba ikipasuka ukivuta. Hili linasumbua zaidi wanaotumia donge la mkate mkavu uliolowekwa, ukakamuliwa kwenye kitambaa na kukandwa, wengine wakitia jibini kwa ajili ya chabu. Donge hilo nalipenda, lakini kwenye maji ya baridi jibini linakaza. Likande liwe laini kuliko unavyodhani, na uache ncha ionekane.

Kama hata hivyo unakosa, jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba. Iburute polepole bila kukandamiza: ikikwaruza na kukwama, ni kali; ikiteleza, itupe. Ndoano ya peni kadhaa haina thamani ya kuhurumiwa. Mawe ya chini ya mto yanaifanya butu baada ya kukwama mara moja tu.

Sababu ya mwisho ni mshipi uliolala juu ya maji. Upepo unaupinda kama upinde, ukivuta unanyoosha kwanza ule upinde, samaki ameshatema. Futa mshipi mkuu kwa sponji yenye tone la sabuni ya vyombo, utoke mafuta na kuzama. Baada ya kurusha ingiza ncha ya fimbo ndani ya maji na uvute kidogo.

Ananasa, anapigana, kisha anachomoka

Usirushe tena kabla hujaitazama ndoano. Ikiwa imefunguka, yaani uwazi umekuwa mpana kuliko wa mwenzake aliye kwenye pakiti, umefunga ndoano ya waya mwembamba kwenye mshipi wenye nguvu kuliko hiyo ndoano. Ndio ugonjwa wa anayemwogopa karpi: anaweka mshipi wa ratili 10 na kubaki na ndoano namba 14 ya rochi. Kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoachia, na kinachoachia hapo ni waya.

Ikiwa ndoano ni nzima, fikiria mdomo. Mdomo wa rochi ni laini na unachanika. Fimbo ngumu yenye mshipi usionyumbuka inaupasua kabla hujamleta karibu. Nailoni ya kawaida inanyumbuka, ndiyo faida yake. Uzi wa kusukwa haunyumbuki karibu kabisa, na mimi siuweki kwa mkate hata siku moja, labda mtu anayevua mbali sana kwa sababu zake. Chabu na karpi wana midomo migumu, na kwao kuchomoka mara nyingi maana yake ni ndoano ndogo iliyoshika ngozi ya juujuu. Panda hatua mbili kwenda ndoano kubwa zaidi.

Halafu kuna ndoano isiyo na kile kijino cha nyuma ya ncha. Mabwawa mengi ya kulipia yanalazimisha ndoano hizo, na ni sawa, kwa kuwa inatoka kwa urahisi bila kumwumiza samaki. Lakini inatoka pia mshipi ukilegea. Samaki akikujia mbio, zungusha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, haraka. Akiruka, usimwachie mshipi wa bure.

Kwa wageni: samaki hawa hawaendi jikoni. Klabu na wenye mabwawa karibu wote wanataka samaki arudishwe majini akiwa hai. Nilipomweleza mama yangu alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huko unakwenda kuvua nini?" Mpaka leo sijapata jibu la kumridhisha.

Mshipi unakatika

Hapa ndipo pana elimu, kwa sababu mshipi uliokatika unaacha ushahidi mkononi mwako. Kabla ya kutukana, shika ile ncha iliyobaki na uiangalie kwenye mwanga.

Ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe. Mshipi haukukatika. Fundo limeteleza na kufunguka. Ama ulifunga mizunguko michache, ama ulilikaza likiwa kavu. Nailoni kavu ikisuguana yenyewe inapata joto na kudhoofika hapo hapo kwenye fundo, kwa hiyo litie mate kabla ya kulikaza, na ulikaze polepole. Kwa ndoano yenye jicho napenda fundo hili: kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye jicho, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, tia mate, vuta. Hata ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi utaliweza.

Ncha imekatika safi, kama kwa kisu, karibu kabisa na ndoano. Kama ndoano zako ni zile zisizo na jicho, zenye kichwa bapa kama koleo, angalia upande mshipi unaotokea. Unatakiwa kutokea mbele, upande wa ncha ya ndoano. Ukigeuka ukatokea nyuma, ukingo wa lile koleo unaukata kila unapovuta. Wasiotaka taabu hununua vipande vya mwisho vilivyokwisha kufungwa, na mimi sioni aibu yoyote hapo.

Ncha imechakaa, nyeupe, ya kukwaruza ukipitisha kati ya kucha. Huo umesuguliwa na mawe, komeo la mlango wa mfereji au mizizi. Kata kiasi cha mkono mmoja, funga upya. Ikirudia, tatizo ni mahali, na hapo unapandisha mshipi bila kujali samaki ni wa ukubwa gani: chabu wa kilo 1 kwenye mizizi ya mti anahitaji ratili 6, wakati kwenye maji matupu ungemleta kwa 3.

Umekatikia kwenye risasi, zile punje za kubana zinazoweka chelezo sawa. Umezibana kwa meno au kwa koleo mpaka zimejeruhi mshipi. Zibane kwa vidole tu, ziweze kusogea ukizivuta. Na zisiwe za madini ya risasi halisi: tangu 1987 punje ndogo za risasi, isipokuwa zile ndogo kupindukia, zimepigwa marufuku Uingereza na Wales kwa sababu bata maji wakubwa wale weupe walikuwa wakizimeza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Madukani utakuta mbadala.

Umekatika katikati, mbali na kila kitu. Tafuta kifundo kidogo ambacho hukukifunga wewe. Upepo ndiye fundi wake, na kinaondoa karibu nusu ya nguvu ya mshipi. Kama hakuna kifundo, mshipi umezeeka. Jua huila nailoni, na gurudumu la mshipi lililokaa dirishani kiangazi kizima limeshaharibika hata kama halijavuliwa. Fungua mita moja, shika kwa mikono miwili, katisha. Ukikatika bila ubishi, utoe wote. Mimi hubadilisha kila mwaka mwanzoni mwa msimu, mkongwe naukatakata vipande vidogo kabla ya kuutupa, ndege wasinaswe.

Umekatika pale pale ulipovuta kunasa. Fundo zima, mshipi mpya, kila kitu sawa. Basi ni mkono wako, au breki ya rili. Breki ikazwe kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa mkono utoke kabla haujakaribia kukatika. Angalia pia unene: kuna mishipi inayoandikwa ratili kubwa huku ikiwa myembamba ajabu. Imepata wembamba huo kwa kupunguziwa mnyumbuko, kwa hiyo haisamehe mkono mzito. Itumie kwenye kipande cha mwisho, mshipi mkuu uwe nailoni ya kawaida yenye nguvu zaidi, tuseme 3 juu na 2 chini kwa rochi. Likitokea la kutokea unapoteza ndoano tu, na samaki haondoki akiburuta chelezo na mita ishirini.

Mshipi unajisokota

Ganda kubwa la mkate linazunguka kama pangaboi ukilirudisha haraka. Vuta kwa mshtuko mmoja litoke kwenye ndoano kwanza, ndipo uzungushe rili.

Hakuna kinachogusa kabisa

Watu hupunguza mshipi mpaka ubaki kama utando wa buibui. Kwenye maji meupe ya baridi kupunguza kunasaidia kweli, sikatai: kutoka ratili 3 kwenda 2, kutoka namba 12 kwenda 16 pamoja na tonge dogo. Lakini kwanza jiulize umewalisha kiasi gani. Mkate uliosagwa kwenye blenda, mweupe, usio na ganda, unaokamuliwa kidogo na kutupwa, hujaza matumbo haraka. Donge la ukubwa wa yai la kuku, usubiri, urudie pale tu wanapokula.

Kwa karpi wa juu ya maji ni kinyume cha ile habari ya sabuni: mshipi mkuu unataka kuelea ili uweze kuunyanyua, ila mita ya mwisho, ile iliyo karibu na ganda, ndiyo inayomtia wasiwasi. Tupa maganda matupu kwanza, matano au sita, subiri mpaka uone midomo inayafyonza bila woga, kisha peleka lako. Bata wakifika, hamisha. Hakuna ndoano inayotatua bata.

Mtu asije akasema sikumwambia: Uingereza kuanzia umri wa miaka 13 unahitaji leseni ya fimbo, na juu yake ruhusa ya mwenye maji. Mitoni samaki hawa hawavuliwi kuanzia Machi 15 hadi Juni 15. Ukikaa siku nzima Mei ukingoni mwa Kennet bila kuguswa, ukaguzi wa leseni ndio utakaokugusa.

Mpwa wangu siku ile alibadili akafunga namba 8, akabana mkate juu badala ya chini, na kwa saa mbili sikumsikia. Jioni ikaingia picha kwenye simu. Hakuwa samaki. Ilikuwa ncha ya mshipi juu ya kiganja chekundu kwa baridi, imejikunja mizunguko mitatu mizuri. Chini ameandika: "Mjomba, alikuwa chabu. Alikuwa mkubwa. Sasa huu unasemaje?"

Nikamjibu: "Unasema ulifunga kavu."